Wifi wa Figo Tatu

Fundi huyu wa makochi watu walimwita Misumari, na mwenyewe aliitika. Jina halikutokana na ukali, ingawa ukali nao alikuwa nao, tena wa kumgawia jirani. Lilitokana na namna alivyofanya kazi. Alibana misumari midogo katikati ya midomo, akaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi na kuipokea kwa nyundo yenye sumaku. Mteja akija kuuliza kazi yake imefikia wapi, alijibiwa kwa nyusi. Nyusi zikipanda, bado. Zikishuka, njoo kesho.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili mipana iliyofungukia barabarani. Ndani mlikuwa na mifupa ya makochi, marundo ya sponji, marobota ya vitambaa na harufu ya gundi iliyokuwa imemganda hata kwenye nywele. Aliwahi kuolewa, akaachika, hakujaliwa mtoto, na hakuona haja ya kulitolea hilo maelezo. Wazazi walikuwa wametangulia. Aliyebaki wa tumbo moja naye ni kaka yake, mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamua.

Kaka huyo alioa msusi. Harusi ilipopita, Misumari aliwapelekea maharusi zawadi, kochi la watu watatu alilolitengeneza kwa mikono yake, mbao ngumu, springi mpya, kitambaa cha rangi ya haradali. Bibi harusi alishukuru kwa adabu zote. Halafu akaingia jikoni, akamnong'oneza rafiki yake: "Kochi zuri, ila rangi yake kama matapishi ya mtoto mchanga."

Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao. Misumari alisikia neno kwa neno. Naye hakukaa na la moyoni. Kesho yake, mbele ya majirani, alisema kaka yake hakuoa mke, ameoa kioo, maana mwanamke mwenyewe kutwa nzima yuko mbele ya kioo. Neno halina miguu lakini hufika. Lilifika.

Tangu siku hiyo mawifi hao hawakuiva chungu kimoja. Walisalimiana, "Hujambo wifi," "Sijambo wifi," kila mmoja akilitamka hilo "wifi" kama mtu anayetema mbegu ya limau. Watoto wawili walizaliwa, wa kike wote, wakampenda shangazi yao kwa sababu aliwaachia waruke juu ya sponji mpaka wachoke. Lakini nyumbani kwa mama yao Misumari aliingia shingo upande, akaketi ukingoni mwa kiti na kuondoka chai ikiwa bado ya moto.

Ugonjwa wa msusi ulianza kwa kumpamba. Uso ukawa unavimba asubuhi, na wateja wakamwambia amenawiri. Jioni miguu ilivimba hadi mikanda ya viatu ikaacha mifereji. Majirani wakasema ni mimba, wakaanza kumtania mume wake. Mkojo ulitoa povu kama maji ya sabuni, naye akadhani ni dawa ya kusafishia choo. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili aliambiwa ana presha, akapewa vidonge. Baadaye alipoona kichwa hakimuumi na miguu inamwitika, akaviacha. Lakini presha haipigi hodi. Iliendelea kuviumiza vijishipa vya figo polepole, mwaka hadi mwaka, naye anasuka, anacheka, anaongeza chumvi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na huyu hakuwa hata akificha, alikuwa hajui. Siku moja, akiwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, alishikwa na kichefuchefu, macho yakaingia kiza, akaanguka chini pamoja na kitana mkononi. Mteja ndiye aliyemwita mwenye teksi, akampakia, akampeleka hospitali na kukaa naye. Misumari alipofika alimkuta mwanamke huyo ameketi kwenye benchi la korido, nusu ya kichwa imesukwa mistari mizuri iliyonyooka, nusu ya pili imetimka, naye hana habari na watu wanaomtazama. Hapo Misumari akajua kwamba jambo si dogo.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Juu ya meza yake palisimama sanamu ya plastiki ya kiwiliwili cha mtu, tumbo wazi, viungo vya ndani vikitoka na kuingia. Kaka alimwomba Misumari aingie naye.

"Mimi nikiogopa sisikii," alimwambia mlangoni. "Wewe nisikilizie."

Daktari akatoa tumbo la plastiki na utumbo wake wote, akaviweka pembeni. Nyuma kabisa, huku na huku ya uti wa mgongo, palikuwa na vitu viwili vya rangi ya ini, umbo la haragwe.

"Hizi ndizo figo," alisema. "Ziko mgongoni kuliko tumboni, chini ya mbavu za mwisho. Ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Kila moja ukubwa wake ni kama ngumi yako."

Misumari akakunja ngumi, akaitazama. Ilikuwa na makovu ya nyundo.

"Damu inapita hapa mchana na usiku," daktari aliendelea. "Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno, kama milioni moja, huwezi kuviona kwa macho. Vinatoa kwenye damu maji na vilivyomo, halafu vinarudisha karibu vyote, kwa sababu mwili bado unavihitaji. Taka na maji ya ziada ndiyo mkojo. Unashuka kwa mirija hii miwili, mmoja kutoka kila figo, mpaka kwenye kibofu. Mirija yenyewe inausukuma, ndiyo maana hata ukilala chali unashuka. Kibofu kikijaa kinakupa habari, unakwenda haja."

"Kumbe si kwamba nimekunywa maji, yamepita, yametoka?" kaka aliuliza.

"Hapana, baba. Maji unayokunywa yanaingia kwanza kwenye damu, yanazunguka mwili mzima. Figo ndizo zinazoamua yabaki kiasi gani."

"Na za wifi yangu?" Misumari aliuliza.

Daktari alirudisha utumbo wa plastiki mahali pake kabla ya kujibu. "Zimesinyaa. Kwenye picha zinaonekana ndogo, na ndani makovu matupu. Kovu halirudi kuwa kichujio. Na figo hazichuji tu. Zinasimamia presha, zinauagiza mwili utengeneze damu, zinaangalia mifupa. Ndiyo maana amepauka, anajikuna, chakula kinamchukiza. Taka zote zimebaki ndani."

Misumari akauliza kwa niaba ya kaka yake: "Dawa?"

"Ya kuzifufua haipo. Kuna mashine ya kumsafishia damu. Na kuna figo ya mtu mwingine."

Mashine ndiyo iliyotangulia. Mara tatu kila wiki msusi alilazwa kwenye kiti kirefu, katika chumba cha viti vingine vya namna hiyo, sindano mbili nene mkononi. Damu ilitoka kwa mrija mmoja, ikaingia mashineni, ikachujwa na kurudi kwa mrija mwingine, saa baada ya saa. Madaktari walikuwa wameunganisha mishipa yake miwili ya mkono ili ipanuke iweze kuhimili sindano, na hapo mahali palitetemeka. Ukiweka sikio ulisikia mvumo, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Watoto wake waliogopa mwanzoni, kisha wakawa wanagombea zamu ya kusikiliza.

Kilichomtesa zaidi ya sindano ni kiu. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanakwenda miguuni na kwenye mapafu. Alipimiwa kikombe kidogo cha kutwa. Akawa ananyonya vipande vya barafu, akivigeuza mdomoni kama pipi, na macho yake yakimfuata kila mtu aliyeshika chupa ya maji.

Kaka alimsindikiza kila alipoweza. Siku moja alipata kazi ya kupaka rangi shule nzima, kazi isiyokataliki, akamwomba dada yake amshikie zamu. Misumari akaenda, si kwa mapenzi, bali kwa sababu ndugu akiomba hivyo hukatai. Akaketi kando ya kiti kirefu na kitambaa cha kushona mapajani. Wakasalimiana, halafu wakanyamaza. Walikuwa na mazoea ya kunyamaziana, hakuna aliyeona ajabu.

Choo cha chumba kile kilitenganishwa na wagonjwa kwa ukuta mwembamba. Mtu mmoja, aliyemleta baba yake, akaingia humo, na sauti ya haja yake ikasikika vizuri, ndefu, haina haraka.

"Unamsikia huyo?" msusi aliuliza, macho darini.

"Mtu hana haya. Angefungulia bomba kidogo."

"Mwache. Mwache akojoe." Msusi alimeza mate. "Mimi wifi, sijui mara ya mwisho ni lini. Zamani nilikuwa nabana. Kichwa cha mtu hakijaisha, nabana mpaka machozi yananitoka. Sasa naingia chooni, nakaa. Nakaa tu, kwa mazoea. Hata tone. Usinicheke."

"Sikucheki," alisema Misumari.

Na kweli hakucheka. Aliinamia kitambaa chake, akashona mshono ambao baadaye ilibidi aufumue.

Kaka alikuwa amekwisha kupimwa ili atoe figo yake. Alikwenda kwa kishindo, amevaa shati la sikukuu, akarudi amenywea. Walimkuta na sukari, imeanza bila yeye kujua, na mwenye kisukari hawamtoi figo. Ndugu wa msusi walikuwa wawili. Mdogo wake wa kike alikuwa mjamzito. Wa pili, kaka yake msusi, aliahidi kwa simu, akaapa, kisha simu yake ikawa haipatikani. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Kutoa kiungo si kutoa nazi shambani.

Misumari hakumwambia mtu. Alifunga karakana asubuhi moja, akaenda kwa yule daktari mfupi, akasema anataka kupimwa. Akatolewa damu chupa baada ya chupa. Akapewa dumu akusanye mkojo wote wa siku nzima mchana na usiku, asipoteze hata kidogo, ili waone figo zake zinachuja kiasi gani. Siku hiyo alifanya kazi na dumu hilo chini ya meza, limefunikwa kwa kipande cha velveti. Mteja mmoja alilishika akidhani ni gundi, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya karakana ile misumari ilimtoka mdomoni na kutawanyika sakafuni.

"Weka chini hicho!" alipiga kelele.

"Basi, basi, fundi. Kwani ni dhahabu?"

"Ni zaidi."

Majibu yalikuja mazuri. Kundi la damu linakubali, figo zote mbili zinapiga kazi barabara, na damu yake ilipochanganywa na ya msusi hazikugombana. "Ajabu," Misumari alimwambia daktari. "Wenyewe tunagombana miaka yote."

Daktari hakucheka sana. Kulikuwa na kikao, na yeye alitaka kukianza. Walikuwa watu watatu, mmoja wao mshauri nasaha, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Kuna mtu aliyekulazimisha?" mzee aliuliza.

"Mimi? Nani ana ubavu?"

"Umeahidiwa chochote?"

"Hata hawajui kama niko hapa."

"Sasa kwa nini unataka kumpa? Tumesikia hamwelewani."

Misumari alitaka kujibu kwa utani, kwamba kaka yake hajui kupika na watoto watakonda. Akauacha utani. "Nilimwona akisikiliza mtu mwingine chooni," alisema. "Anasikiliza kama vile wewe ungesikiliza redio. Nikarudi nyumbani, nikaingia chooni kwangu, na mimi nikasikiliza. Sina sababu nyingine, mzee wangu. Kama haitoshi, semeni."

Walitazamana. Ilitosha.

Aliyekataa alikuwa msusi mwenyewe. Kaka alipopelekewa habari alilia kama mtoto, akaenda mbio kumwambia mke wake, na mke wake akasema hataki. Misumari akaenda kwao siku hiyo hiyo, akaingia bila kubisha hodi. Alimkuta kitandani na bakuli lake la barafu.

"Unasema hutaki?"

"Sitaki."

"Unataka ya nani? Ya malkia?"

"Wifi, tusidanganyane," msusi alisema. Pumzi zilikuwa fupi, maneno yalikuja mawili mawili. "Mimi na wewe hatupendani. Leo unipe kiungo chako. Kesho nikikohoa mbele yako nimekosa adabu. Nikicheka, nimekosa shukrani. Nitaishi vipi na kitu chako ndani yangu?"

Misumari aliketi. Safari hii hakuketi ukingoni. "Utaishi nacho kama nilivyoishi nacho mimi. Hakisemi, hakidai. Mimi mwenyewe sikujua kipo mpaka juzi."

"Watu watasema."

"Watu wamekwisha kusema wewe una mimba." Akaangalia bakuli la barafu, akaangalia ukuta. "Na safari hii rangi yake hutaiona. Itakuwa ndani."

Mabega ya msusi yakaanza kutikisika, na Misumari akadhani analia, akasogea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi akalishwe na kuegemezwa mto, na kaka aliyekuwa mlangoni akauliza kwa hofu kumetokea nini. "Ulisikia?" msusi aliuliza alipoweza. "Siku zote hizi ulisikia?"

"Ukuta wa mbao," Misumari alisema.

Siku ya upasuaji walipelekwa vyumba viwili vilivyopakana. Daktari alikuwa ameshaeleza. Wangetoa figo ya kushoto, kwa sababu mshipa wake mkubwa ni mrefu zaidi, na kazi ya kuunganisha inakuwa rahisi. Wangepitisha vyombo kwenye matundu madogo ubavuni, kisha waitoe figo kwa mpasuo wa chini ya kitovu. Msusi asingewekewa mgongoni zilipo zake. Angewekewa mbele, chini, upande wa kulia wa nyonga, mahali penye mishipa mipana na karibu na kibofu. Figo zake mbili zilizosinyaa zingeachwa zilale palepale, hazina madhara.

"Kwa hiyo yeye atakuwa na figo tatu na mimi moja?" Misumari alikuwa ameuliza.

"Kwa kuhesabu, ndiyo. Zinazofanya kazi, moja kwa moja."

Habari hiyo ilitoka hospitali kabla ya wagonjwa. Mtaani, msusi akaitwa Wifi wa Figo Tatu akiwa bado hajazinduka.

Misumari aliamka na maumivu ubavuni kama mtu aliyekanyagwa na lori, kinywa kikavu, mabega yakiuma kwa sababu ya hewa waliyompulizia tumboni. Neno la kwanza alilosema halikuwa la kishujaa. Alisema, "Nani kaniwekea mto mbovu hivi?" La pili akauliza: "Imekubali?"

Nesi wa zamu, mwanamke mnene aliyetembea bila sauti, akamwinamia. "Imekojoa mezani. Madaktari hawajamaliza kushona, mkojo huo unatoka."

Kaka naye akaingia, amevaa kofia ya plastiki iliyomkaa kama kikapu, akarudia habari hiyohiyo, akarudia tena. Kule kwa mkewe kulikuwa na mfuko wa plastiki ukining'inia kando ya kitanda, na mrija kutoka kwenye kibofu ukiumiminia. Ndugu walipita mmoja mmoja kuutazama. Watu wazima na akili zao walisimama mbele ya mfuko wa mkojo, wakasifu rangi yake, wakapeana mikono.

Siku ya pili furaha hiyo ilikatika. Mfuko uliacha kujaa. Msusi akaanza kulalamika tumbo la chini linambana, jasho likamtoka. Kaka akaja kwa dada yake amepauka mdomo.

"Imesimama," alisema. "Haitoi kitu."

Misumari alihisi kitu ambacho hakukitegemea. Hakuogopa, alikasirika. Miaka yote figo ile ilifanya kazi ndani yake bila likizo, alipolala, alipougua, alipogombana na watu. Sasa ipelekwe kwa wenyewe ikamwaibishe? "Nishike mkono," alimwambia kaka yake.

"Daktari alisema utembee polepole."

"Basi nishike polepole."

Walikwenda wakishika ukuta, hatua za kuhesabu vigae. Walipofika, yule nesi mnene alikuwa ameshafika mbele yao. Aliminya tumbo la msusi chini ya kitovu, akaukagua mrija, akachukua bomba kubwa la sindano lenye maji ya chumvi, akayasukuma ndani taratibu na kuyavuta. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, donge la damu jeusi, kama mbegu ya tikiti, likatoka, na nyuma yake mkojo ukaja kwa kasi, ukiwa na rangi ya waridi, ukajaza mrija na kushuka mfukoni kwa sauti.

"Figo haikusimama," nesi alisema, akifuta mikono. "Ilikuwa inafanya kazi, njia ndiyo iliyoziba. Donge likitoka kwenye jeraha hukaa mlangoni pa kibofu. Tunaliona mara nyingi."

Msusi alifumba macho, nafuu imemwenea uso mzima. Alipoyafumbua alimkuta wifi yake amesimama miguuni pa kitanda, gauni la hospitali limemkaa upande, mkono mmoja ubavuni.

"Unatembea na kidonda kuja kunichungulia mkojo?" msusi aliuliza.

"Sikuja kukuona wewe," Misumari alisema. "Nimekuja kuona mali yangu inatumika vipi."

Siku mrija ulipotolewa msusi alikwenda chooni kwa miguu yake, mume amemshika bega. Alikaa humo muda mrefu. Watu wa wodi walinyamaza, kila mtu akijifanya ana shughuli. Kisha ikasikika, na baada yake kilio, kilio kikubwa cha mwanamke mzima, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani akapiga makofi.

Wengi hapo wangesema mambo yakaisha vizuri, wakaenda zao. Lakini baada ya hospitali ndipo Misumari alipopata shida asiyoambiwa. Wageni walijaa kwa kaka yake kumwona mgonjwa. Kwake yeye walipita wawili watatu, wakamwita shujaa, wakauliza hali ya wifi, wakaondoka. Alikatazwa kuinua vitu vizito, na kazi ya makochi ni kuinua. Aliketi katikati ya mifupa ya mbao akichambua misumari iliyopinda. Kidonda kilipona vizuri, ila alichoka upesi, alilia bila sababu, na jioni nyingine alijishika ubavu akahisi kama mtu aliyehamisha kabati chumbani, hana hakika mahali palipobaki patakaa nini.

Na wifi hakuja. Alituma salamu kwa watoto, alituma matunda, yeye mwenyewe hakuja. Mwanzo daktari alikuwa amemkataza mikusanyiko, kwa sababu vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo vinashusha kinga. Lakini ruhusa ilipotoka bado hakuja. Misumari akajisemea: ndiyo hayo, niliyajua.

Asubuhi moja, milango ya karakana ikiwa nusu wazi, mtu akasimama pale na barakoa usoni na mkoba begani. Alikuwa amenenepa mashavu kwa dawa, lakini amesimama wima.

"Hujambo wifi."

"Sijambo. Umepotea njia?"

Msusi alitandika kitambaa juu ya kiti kisichokuwa na mgongo, akatoa vitana na mafuta mkobani. "Kaa hapa. Kichwa chako kinatisha. Watoto wanasema hujaweza kuinua mikono."

Misumari alitaka kukataa. Miaka yote alisukwa mtaa wa tatu, kwa mtu asiyejua kunyoosha mstari, ili tu asiingie saluni ya wifi yake. Akakaa. Vidole vikaingia nywele zilizoganda gundi, vikaanza kuzifumua kwa uvumilivu.

"Nilishindwa kuja," sauti ilisema nyuma yake. "Nilikuwa navaa viatu, nafika mlangoni, narudi. Mtu akikupa chumvi unasema asante. Hii nianzie wapi? Na nikishaanza, nimalizie wapi?"

"Usianze basi."

"Ndiyo nimekuja kusuka."

"Mimi nilidhani umenikinai."

"Kukinai! Kila ninapokwenda haja ndogo nakutaja. Mume wangu anasema haifai kumtaja mtu chooni."

Walicheka wote wawili, Misumari akajishika ubavu. Halafu, kwa kuwa hakuonekana uso, akamwambia wifi yake yale ya uchovu, ya kilio kisicho na sababu, ya wageni wanaouliza mtu mwingine. Hakuwa amemwambia mtu. Vidole vilisimama kichwani, vikashika tu, kisha vikaendelea. "Kuanzia kesho watoto watakuletea chakula," msusi alisema. "Na mimi nitakuja kufagia. Usibishe, huna nguvu za kubisha."

Alikuja kweli. Akafagia, akapanga vitambaa kwa rangi zao, na ndani ya wiki moja wakagombana kuhusu mahali pa kuweka mkasi.

Kugombana hakukuisha, na hakuna aliyetazamia kuisha. Misumari alimfuatia wifi yake vidonge asubuhi na jioni, akimkumbusha kwamba akiruka dozi figo itakataliwa, mpaka siku moja msusi akamwambia mbele ya wateja: "Wifi, ulinipa figo, hukunipa mdomo. Wangu ninao." Saluni nzima ikacheka, naye Misumari akacheka. Ila vidonge vilimezwa.

Mwaka ulipogeuka, daktari mfupi alimpima Misumari, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine figo yake iliyobaki. Ilikuwa imenenepa, imejipanua kuchukua kazi za mwenzake. Presha nzuri, mkojo safi. Anywe maji ya kutosha, asimeze dawa za maumivu ovyo, arudi kila mwaka. Misumari akarudi karakanani, akainua mgongo wa kochi la watu watatu peke yake, ili ajaribu, akauweka chini bila tatizo.

Aliyekosa raha sasa ni kaka. Ile sukari iliyogunduliwa alipotaka kutoa figo yake ilibaki kuwa kazi ya kila siku, na kazi hiyo ikapata wasimamizi wawili. Dada yake alimkagua soda kazini. Mke wake alimpimia wali. Walipigiana simu kumjadili, wakapatana kuhusu yeye kuliko walivyowahi kupatana kuhusu jambo lolote, na wote wawili walimwambia, kwa maneno yaleyale, kwamba sukari na presha ndizo zinazoua figo na kwamba nyumba hii haina nyingine ya kugawa.

"Nilioa mke mmoja," aliwalalamikia mafundi wenzake juu ya ngazi, brashi mkononi. "Angalieni sasa." Kisha akashuka, akafungua chupa yake, akanywa maji.